Safari ya Kumzika Mama Mdogo

Mama mdogo alifariki Jumanne, upande wa pili wa mpaka. Habari zilinifikia mimi kwanza, kwa ujumbe wa sauti, nikiwa shuleni Itetemia nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Niliusikiliza mpaka mwisho, nikaiweka simu mezani, nikaendelea kusahihisha. Nilimaliza rundo lote ndipo nikaenda kumwomba mwalimu mkuu ruhusa.

Aliyenitumia ujumbe ni mwanawe wa kiume. Mimi namwita kaka, maana tulilelewa nyumba moja huko Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama yangu na mdogo wake walifika pale wakiwa wasichana, wakikimbia vita Burundi, na sisi tulizaliwa hapohapo, katikati ya mashamba ya tumbaku. Mwaka watu wa makazi walipotakiwa kuchagua, kubaki na kuomba uraia au kurudi, mama alijaza fomu ya kubaki. Mdogo wake akajaza ya kurudi. Hawakugombana.

"Mimi nimechoka kuhama," alisema mama.

"Na mimi nimechoka kuitwa mkimbizi," mama mdogo akasema.

Basi, wakawa watu wa nchi mbili.

Mama alitoka Ulyankulu akaja kwangu Ipuli siku ileile jioni. Kesho yake tulishinda tukifuatilia hati za dharura za kusafiria, tukazipata ofisi zikikaribia kufungwa. Alhamisi alfajiri tukapanda basi la Kigoma. Maziko yalikuwa Ijumaa saa sita mchana. Njiani mama hakulia, wala mimi. Alikula mihogo ya kuchemsha, akanimegea nusu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa mpakani. Upande wetu walitugongea mihuri haraka. Upande wa Burundi, ofisa alipokea hati ya mama na cheti chake cha uraia, akaviweka sambamba. Cheti kilisema amezaliwa Burundi. Hati ilisema amezaliwa Ulyankulu. Aliyeandika hati aliandika mahali anapoishi, na sisi hatukuisoma.

Mama akamweleza kwa Kirundi. Nadhani hapo ndipo alipoharibu.

"Mama, unasema Kirundi kama nyanya yangu," yule ofisa alimjibu kwa Kiswahili, taratibu. "Wewe ni Mrundi au ni Mtanzania?"

"Ni Mtanzania. Nakwenda kumzika mdogo wangu."

"Mdogo wako ni nani?"

"Mrundi."

Ofisa alitutazama, akasema lazima mkubwa wake aione ile hati, na mkubwa wake ametoka. Hakuwa mkali. Alituletea benchi kivulini. Ukutani palikuwa na bango la kuwakaribisha wananchi wa Jumuiya, nikalisoma mara nyingi kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusoma. Saa sita ilipita. Saa saba kaka akapiga simu.

"Mko wapi?"

"Mpakani."

"Tumeshafukia," akasema.

Nilimwambia mama. Akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akakung'uta mchanga, akavivaa tena. Mkubwa wa ofisi alirudi saa tisa, akaitazama hati kwa muda mfupi sana, akagonga muhuri.

Kaburini mama aliuliza kichwa kimelala upande gani. Wakamwonyesha. Akapiga goti, akasali, akainuka. Tulikaa pale siku mbili. Majirani walikuwa wema, walitupa chakula na mahali pa kulala, ila wakimtaja marehemu walisema "yule Mtanzania." Watoto walikicheka Kirundi changu. Nilitaka kuhisi kitu, hata hasira. Sikuhisi. Niliosha vyombo na wanawake wengine.

Jumatatu kaka alitusindikiza hadi kwenye kizuizi. Hakuwa na hati yoyote, kwa hiyo akaishia hapo. Upande wetu tulimkuta ofisa mwingine, kijana mwenye heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unatoka wapi?"

"Kuzika."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Ulyankulu."

Akaisikia lafudhi. Akaomba cheti. Mama akatoa kwenye mfuko wa nailoni, kimekunjwa mara nne. Akamuuliza jina la mtendaji wa kijiji, mama akalitaja. Ofisa akampigia, simu haipatikani. Akasema, kwa upole uleule, kwamba watu wengi wanavuka kwa vyeti vya wenzao, kwa hiyo tusubiri. Tukakaa kwenye benchi jingine. Ng'ambo ya kizuizi kaka alikuwa bado amesimama, mikono mfukoni. Alikaa hivyo saa mbili nzima. Ni mtu aliyezaliwa Tanzania, na alikuwa akimwangalia mama, aliyezaliwa Burundi, akiulizwa kama kweli kwao ni Tanzania.

Hatimaye mtendaji alipatikana. Ofisa aliweka simu sauti ya juu.

"Huyo mama namfahamu," mtendaji alisema. "Huyo ndiye anayefua vitambaa vya altare pale kanisani kwetu. Mwache aje."

"Samahani mama, ndiyo kazi," kijana akasema.

"Najua, mwanangu."

Tulipoondoka sikumpungia kaka mkono. Nilikuwa nimebeba mabegi yote mawili. Ningeweza kuyaweka chini.

Ulyankulu majirani walijaa uani kutupa pole. Jirani mmoja aliuliza, "Amezikwa wapi marehemu?"

"Kwao," mama akajibu.

Nilimtazama. Aliendelea kumimina chai.

Nilirudi kazini Jumatano. Miezi kadhaa baadaye kaka alipiga kutualika kwenye harusi ya binti yake. Mama akachukua simu, akampongeza kwa Kirundi, akamuuliza habari za mvua na za maharage. Kisha akamwambia, kwa Kiswahili, watume picha.