Pete Zinazozunguka: Fundi wa Fimbo za Kuvulia wa Guntersville

Saa tatu asubuhi, mlango wa gereji uko wazi nusu na redio inasoma matangazo ya vifo vya wilaya. Wynelle Tidmore anaizungusha fimbo ya kuvulia kwa kiganja cha kushoto. Uzi wa buluu unapita katikati ya kurasa za kitabu kizito cha namba za simu, kisha unajikunja juu ya mguu wa pete ndogo ya chuma ya kupitishia mshipi. Uzito wa kitabu ndio unaoukaza.

"Ukikaza mno, pete inahama. Ukilegeza, inang'oka siku samaki wa maana akivuta," anasema bila kuinua macho.

Anahesabu mizunguko kimyakimya. Ikitimia thelathini na minne, anakata uzi kwa wembe.

Pete za fimbo hii hazikupangwa mstari mmoja. Ya kwanza, iliyo karibu na gurudumu la kukunjia mshipi, iko juu. Ya pili imeinama kulia, ya tatu imeinama zaidi, na kuanzia ya nne hadi nchani zote ziko chini. Asiyejua atadhani fundi alisinzia.

Wynelle ana miaka sitini na mitatu. Alifanya kazi miaka ishirini na minne kwenye kiwanda cha soksi kule Fort Payne, akilisha mashine nyuzi, hadi kiwanda kilipofungwa. Alirudi nyumbani na vidole vinavyoutambua uzi hata gizani, na hakuna aliyevihitaji.

Mumewe, Hollis, alikuwa mchomeleaji wa madaraja. Mwaka mmoja baadaye mnyororo ulikatika kazini, ukamvunja kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini nguvu haikurudi. Ule ndio mkono anaoshikia fimbo huku ule wa kulia ukizungusha gurudumu.

Tatizo lilikuwa pete. Kwenye fimbo za kawaida za kuvulia besi, samaki anayependwa kuliko wote kwenye ziwa la Guntersville, gurudumu na pete hukaa juu. Samaki akivuta kwenda chini, mshipi nao unataka kwenda chini, na fimbo inataka kupinduka mkononi. Mwenye mkono mzima haoni shida. Hollis alikuwa akipokonywa fimbo.

"Samaki wa ratili mbili ananigeuza kama kitasa cha mlango," Hollis anakumbuka. "Nikaona basi, yaishe."

Kwa misimu mitatu ya machipuko hakugusa maji. Mwaka wa tatu akatangaza kuuza mashua. Mtu akaja kutoka Scottsboro, akaikagua, akawasha injini, akaridhika. Hollis alipoingia ndani kutafuta hati, Wynelle alimfuata yule mnunuzi uani.

"Baba, nipe wiki mbili," alimwambia. "Baada ya hapo ukiitaka, itakuwa yako."

Alishasikia kwamba kuna mafundi wanaozungusha pete hadi chini, mshipi ukae pale unapotaka kwenda. Hakuwahi kuiona fimbo ya namna hiyo. Alizing'oa pete za fimbo ya zamani ya Hollis na kuzifunga upya kwa kukisia.

Fimbo ile ya kwanza iliwaaibisha. Pete zilikata kona kwa ghafla mno, mshipi ukasugua fimbo, na besi mkubwa aliponasa ukakatika. Hollis aliendesha gari hadi nyumbani. Wynelle anasema aliona kama mashua imeshauzwa.

Lakini walipofika, Hollis aliingia na ile fimbo gerejini, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu aumie. Akaifunga mezani, akaning'iniza dumu la maji kwenye mshipi, akachuchumaa kuutazama mpindo.

"Mama, ya tatu inabana," alisema. "Isogeze mbele, upana wa vidole viwili."

Jumamosi iliyofuata alitoa besi wa ratili sita, na fimbo haikujipindua. Mtu wa Scottsboro aliambiwa mashua haiuzwi.

Dewey Scarbrough, mshindani wa mashindano ya besi, ndiye aliyeidhihaki kwanza fimbo ile, mbele ya watu kwenye gati.

"Hollis, mkeo alifunga hii akiwa amepanda nyuma ya pikapu kwenye barabara ya mashimo?"

Hollis alifunga mshipi wa fimbo ya Dewey kwenye nguzo, akamwambia avute kwa mkono mmoja. Fimbo ikajipindua. Akampa ile ya Wynelle. Dewey alivuta, akaongeza nguvu, akavuta tena. Ilitulia.

"Anachukua muda gani kutengeneza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa wengine wiki tatu," Hollis alimjibu. "Kwako wewe, sijui atasemaje."

Wynelle alisema wiki tano. Dewey alingoja, na leo ana fimbo zake sita.

Miaka kumi na mmoja imepita. Fimbo moja ni dola mia tatu na arobaini, na karibu nusu inaishia kwenye vifaa. Hutengeneza nne au tano kwa mwezi. Gundi ikishapakwa, fimbo huzungushwa polepole, isikusanyike upande mmoja, kwa mota aliyoitoa kwenye jiko la kuchomea kuku. Wateja wengi ni wenye viganja vilivyochoka: wazee, wapasuaji mbao, mwanamke wa posta mwenye baridi yabisi.

Sasa shida ni macho ya Wynelle. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na upasuaji ni Jumanne, Huntsville. Daktari amemkataza kuinamia kazi kwa wiki mbili baada ya hapo.

"Nyuzi nyeusi nazifunga kwa kupapasa," anakiri. "Mteja hajui. Mimi najua."

Amefunga zaidi ya fimbo mia tano, na hajawahi kuvua kwa hata moja. Jumamosi zote zilikuwa za oda. Aprili, besi wakisogea ukingoni kutaga, anapanga kuifunga gereji wiki nzima na kwenda ziwani.

"Nitakushikia fimbo samaki akinasa," Hollis anamwambia kutoka mlangoni.

"Hutaigusa," anajibu Wynelle, akichomoa uzi mwingine. "Wewe kaa kwenye injini."