Bamba la Chini ya Pikapu ya Baba

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya ndizi. Nayasema mapema kwa sababu nawajua watu wetu wa Muleba. Ukiwasimulia habari ya mzimu, swali la kwanza ni ulikuwa umekunywa nini. Sikunywa kitu. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu ya marehemu baba, na aliyekuja kuniona alikuja saa tisa alasiri. Laiti angekuja usiku wa manane, angalau ningesingizia giza.

Siandiki ili mnishangae. Naandika kwa sababu naona aibu, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Baba alikuwa dereva. Wakati wa vita vya Kagera pikapu yake ilibeba watu waliokuwa wakikimbia kutoka mpakani, ikajazwa kupita kiasi mpaka fremu ikapasuka nyuma, upande wa kushoto. Fundi mmoja akaifunga bamba la chuma kwa boliti sita, safari zikaendelea. Vita vikaisha. Kisha ukaja ule ugonjwa ambao mwanzoni tuliuita Juliana, na baadaye tukaujua kuwa ni Ukimwi. Ukamchukua baba, na miaka miwili baadaye ukamchukua mama. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze mama. Tulipomzika nilikuwa na miaka kumi na saba, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu watatu: Deo, Projesti, na Koku, binti pekee, mwenye miaka minane.

Siku ya kuondoa matanga, baba mdogo aliyekuwa akiishi Mwanza alisema ukoo umeamua watoto wagawanywe. Huyu aende kwa huyu, yule kwa yule. Nikasimama mbele ya wakubwa nikasema sikubali, nitawalea mwenyewe. Waliniuliza nitawalisha nini. Nikasema nitaifufua pikapu, nibebe ndizi na dagaa. Shangazi mmoja akasema hiyo pikapu ina mwenyewe, kuku wameshataga humo, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Baba mdogo hakucheka.

"Nitakuja Pasaka," alisema. "Nikikuta gari linatembea, wadogo zako ni wako. Nikikuta limelala, naondoka nao."

Injini haikutusumbua sana. Fundi Sadiki wa Miembeni, pale Bukoba mjini, alikuwa rafiki wa baba, na mimi nilikuwa nikienda kwake kwa baiskeli na kukaa siku kadhaa kujifunza kazi. Alikuja nyumbani kwetu, kijiji kimoja karibu na Rubya, akaiamsha injini kwa siku mbili. Shida ilikuwa fremu. Gari lilikuwa limekaa kwenye migomba miaka minne, na mnajua mvua zetu.

Fundi Sadiki aliingia chini, akagonga hapa na pale kwa nyundo ndogo, akatoka akijipangusa magoti. Alisema kutu haina haraka, na anayeitibu naye asiwe na haraka. Nifungue kila kilichofungwa, nikwangue mpaka chuma kiwe cheupe, ndipo nipake redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili, nikiacha ikauke katikati. Kopo la rangi hiyo alikuwa ameniletea. Kama nitashindwa kukwangua hivyo, basi nipake oili chafu iliyochanganywa na grisi, maana oili hujipenyeza kwenye mikunjo ambako brashi haifiki. Ila hiyo lazima irudiwe kila baada ya masika, na ukishaipaka usahau habari ya rangi, haitashika.

Nikamuuliza juu ya lami. Nilikuwa nimeona magari mjini yamepakwa lami kwa chini, meusi, yanang'aa kama yameshushwa melini jana.

"Lami ni ya barabara," alisema, "na huku kwetu hata barabara zenyewe hazina."

Kisha akaacha utani. Alisema kwenye chuma safi lami si mbaya. Kwenye kutu, inafungia maji ndani, na hutaona chochote mpaka siku chuma kitakapokatika.

Nilimsikia, niamini. Sikufanya kosa kwa kutojua. Nilikwangua kwa brashi ya waya na msasa wiki mbili, mikono ikatoka damu, nikawa nimefika nusu ya fremu. Pasaka ilikuwa imebaki siku kumi. Jirani aliyewahi kufanya kazi ya barabara alikuwa na debe la lami limelala stoo. Nikaichemsha kwenye mafiga, nikaipunguza ukali kwa mafuta ya taa, nikaanza kupaka palipokwanguliwa na pasipokwanguliwa. Kwa jioni moja fremu ilianza kupendeza. Wadogo zangu waliizunguka wakishangilia. Deo akasema baba mdogo akiiona atadhani tumenunua nyingine.

Kesho yake mvua ilinyesha mchana, ikakatika. Wadogo zangu walikuwa shuleni. Niliingia chini na kopo la lami, nikafika kwenye lile bamba la upande wa kushoto. Ndipo nikaona miguu.

Aliyelala chini ya gari humwona mtu kuanzia magotini kushuka. Niliona miguu miwili imesimama karibu na tairi la nyuma, imevaa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi, na mkanda wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa waya wa simu wa kijani. Miguu yenyewe ilikuwa myembamba kama ya mtoto, na ngozi yake ilikuwa na madonda meusi. Niliyajua madonda yale. Nilikuwa nimeyaosha ya baba na ya mama.

"Hodi, waitu," alisema, kwa salamu yetu ya heshima ya Kihaya. Sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

Nilipaswa kutoka, kumpa kigoda na kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopokewa kwetu. Sikutoka. Nilimjibu nikiwa palepale, nikamwambia nina kazi.

"Naiona," alisema. "Hilo bamba lifungue, mwanangu. Chini yake hakukusafishwa."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema anajua tu, nilifungue, boliti ni sita, haitachukua siku. Akaniomba maji ya kunywa.

Sasa sikilizeni nilichofanya, mimi niliyeuguza wazazi wawili. Ndani tulikuwa na mtungi na vikombe. Wauguzi wa hospitali walishatuambia mara nyingi kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe. Hata hivyo niliyatazama madonda yale nikawaza kikombe ambacho Koku atakuja kukinywea. Nikamwambia maji yako hapo mbele yake, kwenye kopo. Lilikuwa kopo la kuku.

Akasema, "Asante, mwanangu," bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Kuku walikuwa wakidonoa pale chini. Nikaona mmoja anapita kati ya ile miguu, halafu mwingine, na tetea mkubwa akasimama mahali ulipokuwa mguu wa kulia akaanza kuchakura. Mguu ulikuwapo na kuku alikuwapo, mahali pamoja. Je, wewe ungesema nini? Mimi nilijiambia ni moshi wa lami umeniingia machoni.

Halafu bamba likagongwa. Mara tatu, taratibu, kama fundi anavyogonga chuma akisikiliza. Liligongwa kwa ndani, juu kidogo ya kifua changu, kati ya bamba na fremu, ambako hata ukucha haupiti. Na ile miguu ilikuwa hatua mbili kutoka hapo, haikusogea.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, miguu haikuwapo. Nilitoka kwa kutambaa upande wa pili, nikazunguka gari, nikaenda mpaka njiani. Tope lilikuwa laini, lina nyayo zangu na za kuku. Kopo lilikuwa limejaa kama nilivyolijaza asubuhi.

Mtu mwenye akili angechukua spana. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango, nikaanza kujipa maneno. Siku zile wagonjwa wengi walitembea ovyo kwa homa, wakisema yasiyoeleweka. Boliti zile zilikuwa zimeshikana kwa kutu, kuzifungua kungekula siku tatu, na siku tatu sikuwa nazo. Nikarudi chini. Nilipaka lami juu ya lile bamba mara mbili zaidi ya kwingine, nene, mpaka vichwa vya boliti vikapotea. Nilitaka lisigongwe tena.

Jumamosi Kuu niliendesha safari ya kwanza, kushuka mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapotia nanga, kuchukua dagaa wa wavuvi wa visiwani. Baba mdogo alikuwa anafika kesho yake. Koku alilia akitaka kwenda, nikampakia nyuma juu ya magunia matupu. Kwenda hakukuwa na tatizo. Kurudi, na mzigo, kwenye kilima cha kwanza baada ya ziwa, nilisikia kishindo kama cha mti kukatika. Gari lilikaa chini kwa nyuma. Fremu ilikuwa imekatika palepale kwenye bamba, bodi ikaanguka upande wa kushoto, na mguu wa Koku ukawa chini yake.

Wavuvi waliinyanyua bodi kwa mikono. Wakati wanamtoa niliiona ile sehemu iliyokatika. Kati ya bamba na fremu kulikuwa na lami ya zamani, kavu, na ndani yake kutu inayomomonyoka kama unga wa muhogo, na maji yakidondoka.

Mguu wa Koku uliunga, lakini ulibaki mfupi. Baba mdogo alimkuta hospitalini. Hakunigombeza. Alimchukua Deo akampeleka Mwanza, na Projesti akaenda kwa jamaa Biharamulo. Koku nikaachiwa. Nilisikia kwa masikio yangu shangazi zangu wakisema ni nani atachukua mtoto kilema. Hivyo ndivyo nilivyobakiwa na mmoja kati ya watatu, kwa sababu hakuna aliyemtaka.

Nilipokwenda Miembeni kumweleza Fundi Sadiki, nilimweleza yote, hata miguu. Nilipotaja waya wa kijani alikaa chini. Alisema viatu vile ni vya fundi mwenzake wa Maruku, kijiji nilichokuwa nikipita kwa baiskeli nikienda mjini, ambaye ndiye aliyelifunga bamba lile wakati wa vita. Alikuwa amekufa kwa ugonjwa uleule, mwezi mmoja kabla ya mama yangu. Yeye Sadiki ndiye aliyeufunga ule waya, siku mkanda ulipokatika.

Nilikwenda Maruku. Mjane alinipokea vizuri, akanipa kigoda na kahawa, hata hakuniuliza mimi nani. Nilipomtajia baba, akasema mumewe alikuwa na neno na mwenye pikapu. Wakati wa vita watu walikuwa wamejazana garini wakimlilia afanye haraka, naye akapaka lami juu ya kutu akafunga. Lilimsumbua kuliko maumivu. Baba alipokwisha kufa, alitaka kumwambia mtoto wake mkubwa. Lakini nani angefikisha ujumbe? Watu hawakuingia kwao. Walisalimia kutoka njiani, wakapita.

"Siku moja alikuona," mama yule aliniambia. "Ulikuwa kwenye baiskeli, umebeba machipukizi ya migomba. Alikuita kutoka dirishani. Alisema labda hukusikia."

Nilisikia. Nakumbuka siku ile vizuri. Nakumbuka mashuka yaliyoanikwa uani, na sauti ikiita, "Mwana wa dereva, njoo." Niliijua nyumba ile ilikuwa na nini, maana hata kwetu watu walikuwa wanapita hivyohivyo. Nilikanyaga pedeli kwa nguvu zaidi. Mbele ya mjane nilitikisa kichwa nikasema kweli, sikusikia.

Koku aliamini siku zote kwamba ajali ile ilitokana na ubaya wa barabara. Miaka yote ya shule nilimbeba kwa baiskeli, kwenda na kurudi, mvua na jua, mpaka alipomaliza. Sasa yeye ni mwalimu. Kabla ya kuandika haya nilimwita, nikamwambia yote: lami, bamba, mgeni, kopo la kuku. Alikuwa akimenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo kunibeba kote kule kulikuwa ni kwa sababu ya hili?" aliuliza. "Mimi nilikuwa nawaringishia wenzangu, nawaambia kaka yangu ananipenda kuliko kaka zao."

Mpaka leo sijui lipi lilikuwa upendo na lipi lilikuwa aibu. Alikiokota kisu akaendelea kumenya. Tulikula pamoja siku ile, na hajanigusia tena habari hiyo.

Ninyi mnaosoma, mimi nilimpita mtu akiwa hai, akanifuata akiwa amekufa, nikampita tena. Msiniige. Ukipita mbele ya nyumba ambayo watu wanaikwepa, na ukasikia unaitwa, shuka kwenye baiskeli. Nenda mpaka dirishani, kaa, msikilize mpaka amalize, hata kama anachotaka kukueleza ni habari ya boliti sita.