Wimbo Ulipokatika

Kila nikifungua bunda jipya la kamba ya katani dukani kwangu, hapa Bongwe, ile harufu ya majani makavu na mafuta hunichosha kabla kazi haijaanza. Wateja hudhani ni uzee. Uzee upo, sikatai. Lakini harufu hiyo hunirudisha uwanjani, nami kule sipendi kwenda.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya. Nilikuwa darasa la nne na ndevu zimeanza kunitoka, maana niliingia shule nikiwa nimekwisha kuchunga ng'ombe wa watu kwa miaka. Mwalimu mkuu alituita sisi wanafunzi wakubwa, akasema bila kuzunguka: madawati hayatoshi, wadogo ni wengi, mwisho wa mwaka tutatoka.

"Ila mkishinda kuvuta kamba mkaenda Kwale kwenye michezo ya wilaya," akasema, "siwezi kuwatoa watu walioipa shule jina."

Basi kwangu kamba ile ikawa ndiyo shule.

Na kuvuta tulijua. Shule yetu ilikuwa Gazi, kijiji cha wavuvi, na watoto wa huko tumekua tukiwaona wazee wetu wakivuta nyavu kwa wimbo, na kazi yote imo katika wimbo. Mmoja anaita "Haraa," taratibu, mnajaza pumzi; wote wanajibu "mbee," mnavuta kwa pamoja. Serikali ilikuwa imeanza kulitumia neno hilo mikutanoni, lakini sisi tulikuwa nalo pwani zamani, la kazi. Mwitaji wetu alikuwa Mwanasiti, msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye sauti ya mtu mzima. Shule nzima ilisimama nyuma yake ikiitikia. Bila wao sisi tulikuwa vijana wenye nguvu tu, na nguvu peke yake haivuti kamba.

Ili twende Kwale ilitubidi kuishinda shule moja ya upande wa Msambweni. Washangiliaji wao walikuja na madebe na midomo. Mimi nilikuwa wa mwisho, yule anayezungushiwa kamba kiunoni, wakaja kusimama ubavuni pangu.

"Shikamoo mzee," mmoja akasema kwa adabu kabisa. "Umemleta mjukuu kuandikishwa?"

"Mwacheni babu," mwenzake akamjibu. "Akiumwa mgongo nani atamkanda?"

Wenzangu wakacheka, hata mimi nikacheka, na mara ya kwanza tukavutwa tungali tunacheka. Mara ya pili Mwanasiti alisogea karibu yetu akaita polepole, kama hayasikii madebe. Shule ikaitikia, tukawaburura.

Ikabaki ya tatu, ya kuamua. Kitambaa chekundu cha katikati ya kamba kilianza kuja kwetu, kidogo kidogo, kila "mbee" na hatua yake. Kikabaki kama shubiri moja. Hapo watu wetu wakauona ushindi, na furaha ikawazidi. Wakaacha kuitikia. Huyu anapiga vigelegele, yule anaruka, wengine wanaliita jina langu, "Maliza, maliza!" Nilisikia kila kitu isipokuwa "Haraa" na "mbee". Wa mbele alivuta wa kati akipumua; nami nikavuta peke yangu. Wale wa Msambweni walipoona wimbo wetu umekatika, madebe yao yakashika mwendo mmoja. Kitambaa kikarudi kilikotoka, nami nikakokotwa kwa magoti.

Mwisho wa mwaka nikatoka. Nilibeba mawe, nikachuuza chumvi, nikalijenga duka hili kwa mikono hii, na hakuna aliyenishika mkono. Kuandika sawasawa nilijifunza ukubwani, kwa shida, mnajionea wenyewe. Miaka yote hiyo niliyalaumu madebe, na moyoni nilimlaumu Mwanasiti kwa kunyamaza pale tulipomhitaji.

Tulikutana uzeeni, kwenye hitima ya kaka yake. Baada ya chakula nikamwuliza, "Bibi, siku ile mbona ulituachia?"

Hakukasirika.

"Sikuwaachia, bwana. Niliita mpaka sauti ikakauka. Watu wako walikuwa wanakushangilia, ungenisikia wapi?"

Nilirudi nyumbani na jibu hilo. Wale wa madebe walinichekesha tu. Walionitoa shule walikuwa wetu, wakiliita jina langu, tena kwa mapenzi. Sasa hapo mtu amchukie nani?