Majimoto wa Minazi ya Mayatima

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na ulipokuja na chupa yako ya maji ya majani ya kunyunyizia shamba, ukisema dawa ya miti haidhuru kitu, imenirudia yote. Mimi mtu wa wasiwasi, unanijua.

Ilikuwa Jambiani, zama za Mwingereza, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Mume wangu Haji alishuka mnazini uso umemvimba kwa majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani wakafanya nyumba. Minazi ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya watoto wa marehemu kaka yake, na Haji ameachiwa amana aitunze mpaka wakue. Mama yao, Bi Mize, alikuwa hana chengine: nazi za kula, makumbi ya kusokota kamba, basi.

Haji akasema, "Leo hawa nnawamaliza." Akachuma utupa, ule tunaoutia kwenye vidimbwi maji ya bahari yakitoka ili samaki walewe, nami nikautwanga pamoja na tumbaku kidogo, nikatia maji. "Majani tu haya," aliniambia. "Mvua ikinyesha yatakwenda zake." Nikaona kweli, samaki wa utupa si tunawala? Akapanda na kata, akamwagia kila kiota. Chungu wakapukutika mpaka kwenye kanga yangu.

Haukupita muda, nikifagia asubuhi nakuta vidaka chini, nazi changa hazijatimia ngumi, kila kimoja kina kidonda kinachotoa utomvu. Kesho yake zaidi. Nikawa naogopa kushika ufagio. Mali ya yatima, mwanangu, si kitu cha kuchezea. Nilikuwa na mimba, na kila kidaka kikianguka najiambia Mungu atatuuliza kwa hili.

Bi Mize akaja kuchukua makumbi. Akatazama chini, akatazama juu.

"Shemegi, majimoto wako wapi?"

"Nshawaua. Wakining'ata."

Akakaa kitako mchangani. "Kaka yako aliwapandisha kwa mikono yake," alisema. "Aliwatoa kwenye mdimu wa jirani, viota vizima, ili wapate kula vidudu vinavyofyonza vidaka. Nawe umewatia sumu. Wanangu watakula nini?"

Siku ile ile Haji alikwenda kukata viota kwa jirani, akavitia kwenye pakacha, akapanda navyo. Akafunga kamba mnazi kwa mnazi, chungu wapate kupita. Walimng'ata shingo, masikio, mpaka kope, na hakumpangusa hata mmoja, asije akamwangusha. Mimi chini nnalia. Lakini vidaka vilivyokwisha kuanguka havikurudi juu. Mwaka ule watoto walikula mihogo mitupu, nasi tukala pamoja nao.

Basi mwanangu, usiseme ni majani tu. Kilichomuua mdudu mbaya kinamuua na mzuri, hakimuulizi jina. Kabla hujanyunyiza, kaa utazame nani anakula mmea na nani anamla mlaji. Maua yakiwa na nyuki, ngoja. Tawi moja likiugua, tibu tawi, usiloweshe shamba zima. Na kama hujui, uliza, hata ukichekwa.

Mungu auongoze mkono wako, mwanangu, usimwage kitu kitakachomlaza mtoto wa mwenzio na njaa. Amin.