Koti Lisilofuliwa

Aliyenielekeza njia alinipoteza, nikaingia jengo la kemia kwa mlango wa nyuma, penye mitungi ya gesi na harufu ya siki. Gazeti lilikuwa limenituma kumwandika profesa wa kemia ogania anayestaafu siku hiyo. Nilimkuta ghorofani ameinamia chupa ndogo, akiikwaruza kwa ndani kwa kijiti cha kioo kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua.

"Kaa," alisema bila kunitazama. "Usiegemee meza, na usinitajie pensheni."

Maisha yake aliyasimulia huku anakwaruza. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, na mtoto alitaka kujua kuna nini ndani ya magome yanayolainisha ngozi. Alisoma nchi moja, akaoa nyingine, akarudi. Akiwa bado kijana alitoa ndani ya gome moja dawa isiyojulikana, ikaganda na kuwa fuwele nyeupe, nyembamba kama sindano. Fuwele hizo ndizo zilizompa cheo. Baadaye wenzake wa ng'ambo waliirudia kazi ile wakaambulia shira tupu isiyoganda, na majuzi mmoja wao akaandika kwamba huenda fuwele zenyewe hazikuwahi kuwepo.

"Ameniita mwongo kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyoniuma."

Kwa hiyo alikuwa akikwaruza ili zigande tena, mbele ya watu, kabla hajakabidhi funguo. Ndani ya chupa shira ilitulia, ya njano.

Mkuu wa idara, mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliingia. "Mwalimu, bado tu? Mama yuko chini kwenye gari. Anasema ukichelewa atakuacha ulale na magome yako."

"Mke wangu amenizoea." Kisha akapitisha kidole kwenye rafu, akakitazama. "Nani amesafisha humu?"

"Mimi. Nimepiga deki, nimeosha rafu, mpaka dari. Tulitaka tukuage mahali pasafi."

Profesa aliweka kijiti chini. Akanieleza, kwa sauti ya darasani, kwamba shira kaidi kama ile huhitaji chembe ya fuwele ya zamani ili ianze kuganda. Miaka yote vumbi la rafu zake, lenye chembe hizo, lilikuwa likiifanya kazi hiyo bila yeye kujua. Wale wa ng'ambo walikuwa na maabara safi.

"Mwanangu," alisema, "umenideki mpaka jina."

Mkuu alikaa. Halafu akanyoosha kidole. "Na hilo koti?"

Koti lake la maabara halikuwa limefuliwa tangu enzi zile. Mkewe alilipiga marufuku nyumbani, na wanafunzi walisema siku moja litaingia kufundisha peke yake. Alilivua akampa.

"Kung'uta wewe. Nikitia mimi, watasema nimetia chumvi ya dukani."

Mkuu aligeuza mfuko nje, akagongagonga mshono juu ya chupa. Hatukuona kitu kikidondoka.

Honi ililia chini. Profesa aliweka funguo mezani.

"Husubiri?" nilimuuliza.

"Nikibaki, shahidi nitakuwa mimi, na mimi ndiye ninayeshtakiwa. Msiiguse. Na wewe usiandike usichokiona."

Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi, kisha mlango wa gari. Mkuu alinisogezea kigoda, koti likiwa mapajani mwake, tukaikazia macho chupa. Shira ilikuwa bado shira.