Injini Iliyochukuliwa na Watani

Majina yote ninayo kichwani. La mtafiti, la mkubwa wake, la dereva, hata la mbwa wa jirani aliyekuwa akiibwekea pikipiki ya bwana shamba. Wajukuu wamenikataza kuyaandika. Wanasema baadhi ya watu wako hai na wengine wana watoto wenye vyeo. Haya, nitawaacha bila majina, ingawa kwangu ni kama kula wali usiotiwa nazi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Vitu viliingia Kibiti vyote kwa mkupuo: mitumba, sabuni za harufu, redio za kaseti, na neno mradi. Hilo neno lilikuwa na utamu wake. Mtu akinunua baiskeli mpya, watu wanaulizana, “Ana mradi yule?”

Wetu ulitoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Walipanga vyumba viwili kando ya barabara, na kazi yao ilikuwa kupima chumvi katika maji ya mashamba ya mpunga kule delta, hasa Maparoni. Bahari ilikuwa ikipanda mtoni na kuunguza mpunga. Dada yangu mkubwa alikuwa na shamba huko. Kila mwaka alipanda, kila mwaka nusu ikawa nyekundu kama kutu, naye hakujua ang'ang'anie au ahame. Majibu ya zile chupa za maji aliyangoja kuliko barua ya mwanawe.

Niliajiriwa kufagia. Lakini mtafiti, binti mpole asiyeogopa matope, alikuwa mtoni muda wote, na barua za chuo zilihitaji mtu wa kuzipokea. Chuoni kulikuwa na ofisi ya mikataba, kazi yake kuchunga fedha ya wafadhili isipotee njiani. Kidogo kidogo nikawa mkono wa ofisi ile huku Kibiti, mimi niliyeishia darasa la nne na kumaliziwa na kisomo cha watu wazima.

Niliifanya kazi hiyo kwa bidii na kwa ujinga, vyote kwa wingi. Siku moja tulitaka mtumbwi. Ofisi ikasema tulete bei za mafundi watatu tofauti. Fundi wa mitumbwi niliyemjua alikuwa mmoja. Nikamfuata, akanipa bei yake, bei ya mkewe, na bei ya marehemu baba yake.

“Ya baba iko juu,” alisema, “lakini baba alikuwa fundi kweli.”

Nikaziandika zote tatu kwa mwandiko wangu mzuri. Mtafiti alizisoma, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatuma ile ya kwanza tu na maelezo yake.

Ungedhani hapo ningetia akili. Wapi! Nilipokabidhiwa funguo za stoo nilizifunga kwenye pindo la kanga ili zilie nikitembea. Sokoni wakaniita Mama Mradi. Nikaanza kuitikia salamu kwa kuchelewa, kama nilivyoona wenye ofisi wanavyofanya.

Sasa, injini. Mfadhili alitununulia injini ya boti, mpya, ina stika ya mradi ubavuni. Tukitoka mtoni dereva huileta Kibiti, inalala stoo, mlango unafungwa. Ndiyo ilikuwa sheria. Ikafika arobaini ya shemeji yangu, kaka wa mume wangu, na khitma ikawa nyumbani kwangu, wageni wanakuja toka Mkongo na vijiji vyote. Masika hiyo paa la stoo lilivuja tone moja, pembeni, mbali kabisa na injini. Nikatangaza kwamba injini itaharibika, heri ilale kwangu. Chombo kinachoishi majini, miye nakiogopea tone la mvua! Dereva alinitazama, akaibeba. Nikaitandikia mkeka barazani, stika ikaelekea mlangoni ili kila aingiaye aione.

Walioingia ni watani. Ukoo wetu una watani wake, watu wa vilima vya kusini waliohamia Kibiti na ming'oko yao, viazi vya porini. Tukifiwa, wao huja kutudhihaki na kuchukua vitu vyetu: siku ya mazishi jembe, siku ya khitma sufuria ya pilau. Kinachochukuliwa unakikomboa kwa masharti yao, na kukasirika ni mwiko. Aliyewatangulia siku ile ni mtani wangu mwenyewe, mwanamke rika langu, sauti yake ukiisikia umbali wa nyumba tano unajua ameamka vizuri.

“Jamani, njooni muone! Wageni tumekalia vumbi, chuma kimetandikiwa mkeka!”

“Usiguse,” nikamwambia. “Mali ya chuo kikuu.”

Watu wakaangua kicheko. Kumwambia mtani usiguse ni kumwonyesha mbuzi mchicha. Vijana wake wakaibeba injini juujuu.

“Utaikomboa kwa jogoo mwekundu,” akasema. “Umweke kwenye ungo kichwani, upite naye katikati ya soko ukiniimbia sifa zangu.”

“Miye? Mtu wa ofisi?”

“Basi itakaa kwangu, mtu wa ofisi. Nitaivisha gagulo isipate baridi.”

Ningekuwa na akili ningekwenda asubuhi yake. Nikakaa. Nikajiambia atachoka mwenyewe, ataileta. Siku ya pili kondakta wa basi la Dar akanipigia kelele dirishani: mama mmoja, mkubwa wa ofisi ya mikataba, anakuja kesho, atakagua mali zote kabla mkataba haujaongezwa, na kikikosekana kitu hauongezwi. Bila mkataba hakuna boti, bila boti hakuna chupa za maji, na dada yangu atabaki akipanda mpunga kwenye chumvi.

Mtafiti alirudi toka Maparoni jioni hiyo, matope hadi magotini.

“Mama, injini ipo?”

“Ipo,” nikasema. Si uongo. Ilikuwepo, mahali.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najifunika uso na kanga. Nilibeba kinu changu, nikakipeleka stoo, nikakifunga turubai na kamba. Kwa mbali ilikuwa injini. Kwa karibu ilikuwa kinu kilichovaa koti la mvua.

Mama wa mikataba alifika kesho yake, mnene, mtaratibu, vumbi la barabara limempaka nyusi, miwani inaning'inia shingoni. Akakagua meza, mizani, chupa, akiweka alama karatasini. Akafika kwenye turubai. Akaweka kiganja juu yake, akainama, akanusa.

“Injini hii,” akasema, “inanukia kisamvu.”

Mtafiti akanigeukia. “Mama?”

“Imechukuliwa na watani,” nikasema, na sauti ikanitoka kama ya mtoto.

“Umeripoti polisi?” akauliza mama wa mikataba.

“Mtani hapelekwi polisi, dada.”

“Najua. Nami kwetu tuna watani, waliwahi kutuchukulia bibi harusi.” Akavaa miwani yake. “Ila karatasi hii haina mahali pa kuandika utani. Basi la kurudi Dar linapita saa tisa. Kabla ya hapo nataka niione injini kwa macho yangu.”

Mtafiti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema taratibu tu, “Mama, dada yako anangoja majibu yake.”

Jogoo wangu alikuwa mweupe. Nikaazima mwekundu kwa jirani, nikamfunga miguu, nikamweka kwenye ungo, nikajitwika. Funguo nilizifungua pindoni nikaziacha mezani. Nilihisi zingenicheka njia nzima. Nikaingia sokoni.

“Mama Mradi! Leo mradi wa kuku?”

“Hodi, bosi! Huyo jogoo ana stika?”

Nikaimba. Sauti yangu haijawahi kusifiwa na mtu, na maneno nilikuwa nayaokota njiani:

“Mtani wangu wa vilimani, mzuri kama mwezi,
ming'oko anayokula, sisi hatuiwezi!”

Wakaitikia wauza samaki, wakaitikia wauza nazi. Nilipofika mwisho wa soko nilikuwa na msafara nyuma kama wa harusi, na jogoo alikuwa ameshanichafulia bega.

Mtani wangu alinipokea uani kwake. Injini ilikuwa imekaa kwenye kigoda, imevishwa gagulo, kama alivyoahidi, na kilemba juu.

“Imba tena,” akasema. “Sie wala ming'oko masikio yetu mazito.”

Nikaimba tena. Nikapiga na magoti bila kuambiwa. Hapo akacheka, akampokea jogoo, akanishika mkono akanikalisha pembeni yake.

“Siku mbili nakaa na chuma hiki,” akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo. “Nasema huyu atakuja tu, tumcheke marehemu wetu, tumlilie. Hujaja. Ofisi imekuchukua kweli, eti?”

Nilikuwa sijamlilia shemeji tangu tumzike. Nililia pale, na mtani akanisaidia, tukicheka katikati, mpaka mtu akasema jamani saa tisa inakaribia.

Injini ilirudi mabegani mwa vijana, gagulo hawajaivua. Mama wa mikataba aliipandisha nguo kwa kidole, akasoma namba, akaweka alama, akaishusha. Alipopanda basi nilimwona dirishani mabega yakimtikisika, na basi halikuwa limeondoka bado.

Mkataba uliongezwa. Nakala ilipokuja, mtafiti alinisomea kifungu ambacho katika ule wa kwanza hakikuwemo: mali ya mradi haitalala nyumbani kwa mfanyakazi yeyote, kwa sababu yoyote, ikiwamo mvua. Nikamwomba arudie. Wasomi wanahangaika miaka ili waingie kwenye maandishi ya chuo kikuu, nami niliingia kwa gagulo.

Majibu ya maji yalipatikana. Dada aliambiwa aache kipande cha chini, alime cha juu. Mavuno yalipokuja alinitumia mpunga, nikautwanga uani, kwenye kinu kilekile. Sijamaliza nikasikia ile sauti langoni, haijabisha hodi.

“Mtani! Injini yako leo inatoa mchele?”

Nikampa mchi, tukapokezana.