Neno la Baba Mdogo

Kahawa mbichi ikichemshwa na majani ya porini hutoa harufu inayong'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa. Ndivyo ilivyonukia nyumba ya bibi yangu, mama yake baba, pale Kamuli, msimu mzima wa mavuno nilipokuwa darasa la nne. Akamwani, zile kahawa za kutafuna, zilikuwa zimeanikwa uani juu ya jamvi. Jioni, ndizi zikitokota jikoni, bibi alimgawia kila mtu punje moja kisha akanipa Biblia. Sala yake ilikuwa rahisi. Nilisoma mistari michache, polepole, nikairudia. Tulinyamaza, kila mtu akitafuna na kusubiri neno moja limshike. "Kahawa haimezwi," alituambia, "na neno la Mungu vilevile. Litafune mpaka utamu utoke." Kisha kila mmoja alilitaja neno lake kwa sauti, na hapo palikuwa na sharti: neno la mtu halijibiwi. Ukilijibu, umemnyang'anya mwenzako alichopewa na Mungu. Tulilipokea kwa kimya, tukafunga kwa sala ya Baba Yetu.

Msimu ule baba na mdogo wake, baba mdogo Byamungu, hawakuwa wakisalimiana. Walikuwa wamegombania kibanja, shamba la migomba na kahawa aliloacha babu. Baba alikuta miti ya mpaka imeng'olewa na kupandwa ndani ya upande wake. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Bibi alilima kweli, akapalilia hata palipokuwa safi, asiseme lolote.

Jioni moja baba mdogo akaingia. "Shikamoo, mama." Akakaa karibu na mlango, mbali na baba. Bibi akampa punje yake.

"Kavu hivi, mama? Hata rubisi kidogo ya kusukumia hakuna?"

"Kaa utafune, mlevi wewe!" Bibi akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mvua zianze.

Nilisoma habari ya yule kijana aliyerudi nyumbani, baba yake akamwona angali mbali. "Taratibu, binti yangu," baba mdogo akanitania, "nani anakufukuza?" Tukatafuna. Mdogo wangu akataja "ndama", maana yeye popote penye nyama hakupitwa. Zamu ikafika mlangoni.

"Mbali," alisema baba mdogo. Sauti ilimkwama. Akamtazama baba. "Kaka, neno langu ni mbali."

Hata sisi watoto tulijua kwamba pale hakusema na Mungu peke yake. Baba aliacha kutafuna. Akamgeukia bibi kama anayeomba ruhusa. Bibi akainamisha macho, kwa kuwa sharti ni sharti. Baba akarudi kutafuna. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tuliposema amina, baba mdogo alikwisha kusimama. "Nimeelewa," akasema, akatoka.

Asubuhi baba alimfuata kwake. Mkewe akamwambia ameondoka alfajiri kwa bodaboda kwenda mpakani Murongo, avuke kuingia Uganda. Hakurudi. Hata bibi alipozikwa hakuonekana.

"Nilikuwa nalitunza neno lake," baba alimwambia bibi asubuhi ile aliporudi kutoka kwa mdogo wake, amekaa chini kabisa, kofia mkononi.

"Nami nilidhani nailinda sala," bibi akajibu.

Siku hizi rafiki zangu wa mjini wanaisifu sala ya namna hii kama kitu kipya. Wanazima simu, wanawasha mshumaa, wanakipenda hasa kile kimya. Nakaa nao, lakini kimya chao hunichoma. Mtu akitaja neno lake huku sauti ikimkwama, natazama nani atathubutu kumgeukia. Kule Kamuli, baba, ambaye sasa ni mzee, bado anakusanya watu jioni na kugawa kahawa. Sharti alilifuta mwenyewe, bila kueleza. Krismasi iliyopita binti yangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, alitaja neno lake kwa aibu: "Hori." Kabla hajafunga mdomo, baba alikwisha kumshika mkono.

"Nimekusikia, mama," akamwambia. "Nimekusikia."